Kihisi joto hakisomeki, au kinasoma uongo: kutafuta kosa kuanzia waya hadi kerneli ya Linux

Mwongozo huu ni wa mafundi wanaofunga vihisi joto kwenye matangi ya kupozea maziwa pande za Molo, Njoro na Olenguruone, kwenye vyumba baridi vya samaki Kisumu, na kwenye friji za chanjo zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Mifano yote imeandikwa kwa Raspberry Pi yenye Raspberry Pi OS ya Bookworm. Bodi nyingine za ARM hufuata kanuni zile zile, ila majina ya faili na namba za laini hutofautiana.

Kifaa cha USB kikichomekwa hujitaja chenyewe. Kihisi cha I2C, yaani kinachoungwa kwenye laini ya waya mbili inayoshirikiwa na vifaa kadhaa, hakina uwezo huo. Kinakaa kimya kwenye laini mpaka kiitwe kwa anwani yake, na hata kikiitika hakisemi kimetengenezwa na nani wala kinahesabu vipi. Kwa hivyo kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, huambiwa mapema kupitia mti wa vifaa, yaani faili ya maelezo inayotaja ni laini gani, anwani gani, na draiva (programu ya kukisoma kifaa) ipi ihusike. Kerneli huamini kila kilichoandikwa humo. Ndiyo maana makosa ni ya namna mbili. Kihisi kisichosomeka kabisa hukera, lakini hakidanganyi mtu. Kihisi kilichoelezwa vibaya hutoa namba yenye sura ya ukweli, na hapo maziwa ya wakulima huharibika huku skrini ikionyesha kila kitu kiko sawa. Sehemu ndefu zaidi ya mwongozo huu inahusu aina hiyo ya pili.

Maswali matatu kabla ya kugusa faili yoyote

```
i2cdetect -y 1
ls /sys/bus/i2c/devices/
ls -l /sys/bus/i2c/devices/1-0048/driver
```

Amri ya kwanza inauliza waya: kuna kitu kinachoitika kwenye laini? Ya pili inauliza maelezo: je, yamefika kwenye kerneli? Kihisi cha anwani 0x48 kwenye laini ya 1 kinapaswa kuonekana kama `1-0048`. Ya tatu inauliza draiva: imekishika kifaa? Mahali jibu linapokatika ndipo penye kosa. Fundi anayeruka hatua hii huandika upya faili nzuri kwa siku nzima kumbe tatizo ni waya uliolegea.

Kwenye jedwali la `i2cdetect`, alama ya `--` maana yake hakuna aliyeitika. Ukiona `48`, kihisi kipo lakini hakuna draiva iliyokishika. Ukiona `UU`, draiva imeshakishika na hapo umefika.

Dalili: jedwali lote ni `--`

Ukiambiwa kwamba `/dev/i2c-1` haipo, laini yenyewe haijawashwa. Weka `dtparam=i2c_arm=on` ndani ya `/boot/firmware/config.txt`, halafu uwashe bodi upya. Katika matoleo ya kabla ya Bookworm faili hiyo ilikuwa `/boot/config.txt`, na bado wapo wanaofuata maelekezo ya zamani na kuhariri mahali pasiposomwa. Faili ikiwa sahihi na `/dev/i2c-1` bado haionekani, pakia moduli kwa `sudo modprobe i2c-dev`.

Laini ikiwepo na jedwali likabaki tupu, weka kompyuta kando uchukue mita. Laini ikiwa imetulia, SDA (ya data, pini ya 3) na SCL (ya saa, pini ya 5) zote mbili zinapaswa kusoma karibu volti 3.3 ukilinganisha na graundi, yaani pini ya 6. Raspberry Pi ina rizista za kilo-omu 1.8 zinazovuta pini hizo mbili juu, kwa hivyo volti 0 inaonyesha shoti au kihisi kilichokufa kikiishikilia laini chini. `i2cdetect` ikijikokota, ikichukua sekunde nyingi kumaliza mstari mmoja, kwa kawaida sababu ni hiyo hiyo.

Angalia pia umeme wa kihisi. TMP102, mojawapo ya vihisi vya I2C, inakubali volti 1.4 hadi 3.6 tu. Ukiiunga kwenye pini ya volti 5 utaiua, na haitafufuka ukiirudisha kwenye 3.3. LM75, kihisi kingine cha I2C, huvumilia mpaka 5.5, na fundi aliyezoea LM75 ndiye anayeunguza TMP102 kwa mazoea.

Urefu wa kebo nao una kikomo. Kanuni za I2C huruhusu jumla ya pikofaradi 400 kwenye laini nzima, na kebo ya kawaida humaliza kiasi hicho ndani ya mita chache. I2C ni ya ndani ya sanduku. Tangi likiwa ng'ambo ya chumba, tumia DS18B20 (kihisi cha waya mmoja wa data) au kihisi cha RS-485 (mfumo wa kebo ndefu), usilazimishe.

Dalili: kuna `48` lakini hakuna `UU`

Kihisi kipo. Kabla ya kuandika chochote kwenye mti, kipe kerneli kwa mkono:

```
echo tmp102 0x48 | sudo tee /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/new_device
cat /sys/bus/i2c/devices/1-0048/hwmon/hwmon*/temp1_input
```

Namba ikitoka, waya na draiva ni nzima, na kosa limebaki kwenye maelezo peke yake. Isipotoka, hakuna faida ya kuhariri mti. Tazama kwanza kama moduli ipo kwa `modinfo tmp102`. Kerneli uliyojikusanyia mwenyewe huenda haina `CONFIG_SENSORS_TMP102` au `CONFIG_SENSORS_LM75`.

Ovalei, yaani kipande cha maelezo kinachoongezwa juu ya mti wa vifaa, ikiwa sahihi ni fupi:

```
/dts-v1/;
/plugin/;
/ {
    compatible = "brcm,bcm2835";
    fragment@0 {
        target = <&i2c_arm>;
        __overlay__ {
            #address-cells = <1>;
            #size-cells = <0>;
            status = "okay";
            temperature-sensor@48 {
                compatible = "ti,tmp102";
                reg = <0x48>;
                label = "tangi-1";
            };
        };
    };
};
```

Ikusanye na uiweke mahali pake:

```
dtc -@ -I dts -O dtb -o tangi.dtbo tangi.dts
sudo cp tangi.dtbo /boot/firmware/overlays/
```

Kisha ongeza `dtoverlay=tangi` kwenye `config.txt`, bila mkia wa `.dtbo`. Ukikosea jina, bodi itawaka kama kawaida na haitakueleza lolote kwenye skrini. Malalamiko ya hatua hiyo hayamo ndani ya `dmesg`, kwa sababu kerneli ilikuwa haijaanza. Yatafute kwa `sudo vclog --msg`. Wakati wa majaribio ni nafuu kuipakia ovalei mashine ikiwa hai, kwa `sudo dtoverlay tangi`, maana hapo makosa huja kwenye `dmesg`. Onyo kuhusu `memory leak` litakalotokea hapo halina madhara. Kwenye bodi za aina nyingine ukikuta `no symbols in root of device tree`, mti wa msingi ulikusanywa bila `-@`, na hakuna ovalei yenye kutaja lebo itakayoingia mpaka mti huo ukusanywe upya.

Kuona kile kerneli ilichokipokea hasa:

```
dtc -I fs -O dts /proc/device-tree 2>/dev/null | grep -A6 tmp102
```

Nodi, yaani kipande cha mti kinachoeleza kifaa kimoja, isipokuwamo, ovalei haikuingia. Ikiwamo na `1-0048` haipo, kagua `status` ya laini mama. Kerneli hukubali `"okay"` na `"ok"`. Neno lingine lolote, hata `"enabled"` lenye nia njema, huhesabiwa kuwa kifaa kimezimwa. Na `1-0048` ikiwepo bila draiva, karibu kila mara kosa limo ndani ya `compatible`, neno linalochagua draiva: herufi imerukwa, au kuna nafasi baada ya koma. Neno hilo hulinganishwa herufi kwa herufi.

Dalili: kimetokea `1-0030`, au kerneli inakataa anwani

Hili ni kosa moja, na linapoteza saa nyingi kuliko linavyostahili. Mtu ameandika `reg = <48>`. Katika mti wa vifaa namba isiyo na `0x` ni ya desimali, na 48 ya desimali ni 0x30. Kerneli inakwenda kubisha hodi 0x30, haipati mtu, na draiva inaanguka kwa kosa -121 au -6 kulingana na bodi. Wakati huohuo `i2cdetect` inaendelea kuonyesha `48` bila mwenyewe. Jina la nodi, `@48`, halimsaidii mtu hapa kwa sababu kerneli hufuata `reg` tu. Ila `dtc` huonya pale jina na `reg` visipolingana, ikisema ilitarajia namba nyingine. Yasome maonyo hayo.

Ndugu yake ni anwani ya biti 8. Karatasi za baadhi ya watengenezaji huandika 0x90 kwa kihisi ambacho Linux hukiita 0x48, kwa sababu wamejumlisha biti ya kusoma na kuandika. Ukiweka 0x90, `dmesg` itasema `Invalid 7-bit I2C address 0x90`. Gawanya kwa mbili.

Kwa TMP102 anwani huchaguliwa na mguu wa ADD0: ukiwa kwenye graundi ni 0x48, kwenye umeme 0x49, kwenye SDA 0x4a, kwenye SCL 0x4b. Vinne ndiyo mwisho kwenye laini moja. LM75 ina miguu mitatu ya anwani na hufika vinane, 0x48 hadi 0x4f.

Dalili: namba inatoka, lakini haiaminiki

Anza na kipimo. Faili za `hwmon`, mahali kerneli inapoweka vipimo vya vihisi, hutoa nyuzijoto kwa sehemu za elfu: `4125` ni nyuzijoto 4.125. Programu iliyogawanya kwa 100 badala ya 1000 si tatizo la kerneli.

Kisha hakikisha unasoma kihisi unachodhani unakisoma. Raspberry Pi huandikisha joto la prosesa yake ndani ya `hwmon` vilevile, na namba ya `hwmon0`, `hwmon1` hugawiwa kwa kufuata nani aliwahi kuamka. Baada ya stima kukatika na kurudi, mpangilio unaweza kubadilika. Tangi linaloonyesha 47 asubuhi moja bila sababu huenda si tangi, ni prosesa. Programu isitaje `hwmon1` kamwe. Ipite njia ya `/sys/bus/i2c/devices/1-0048/hwmon/hwmon*/`, ambayo imefungwa kwenye anwani ya kihisi. Kwenye kerneli za karibuni, `label` uliyoandika kwenye nodi hutokea pia kama faili ndani ya saraka hiyo, na inasaidia sana pale matangi yakiwa matatu.

Namba ikipanda na kushuka kwa hatua za 500 kamili wakati kihisi chako ni TMP75, umekieleza kama `"national,lm75"`. LM75 ya asili ina biti 9, hatua ya nyuzijoto 0.5. Draiva ni ile ile kwa vyote viwili, ila hutupa biti za chini kwa kuamini ulivyoiambia. Andika `"ti,tmp75"` na hatua zitapungua. Kwa maziwa nusu nyuzijoto haitadhuru mtu. Kwa chanjo iliyo ukingoni mwa 2, inadhuru.

*Vihisi vya NTC, yaani rizista ambazo ukinzani wake hushuka joto likipanda.* Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu matangi mengi huja na NTC ya kilo-omu 10 tayari imezikwa ukutani, na fundi huiunga kwenye ADS1115 (ADC, chipu inayogeuza volti kuwa namba) na kuieleza kwa draiva ya `ntc-thermistor`:

```
kihisi-tangi {
    compatible = "murata,ncp15xh103";
    pullup-uv = <3300000>;
    pullup-ohm = <10000>;
    pulldown-ohm = <0>;
    io-channels = <&adc 4>;
};
```

Kosa la kwanza ni kudhani kilo-omu 10 zote ni ndugu. Namba hiyo ni ya nyuzijoto 25 tu. Zaidi ya hapo kila aina ina mteremko wake, unaotajwa kama B. Murata ya mfano huu ina B ya 3380 hivi. NTC nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani ni 3950. Ukiielezea 3950 kwa jina la Murata, chumbani mchana kila kitu kitalingana na kipimajoto cha mkononi, maana upo karibu na 25. Iingize kwenye tangi la nyuzijoto 4. NTC ya 3950 itakuwa na kilo-omu 27 na kitu, na kwa jedwali la Murata hiyo ni karibu na sifuri. Skrini itaonyesha 0 au 1 hivi. Kidhibiti kikiamini hivyo kitazima kompresa mapema, na maziwa yatakaa kwenye 7 au 8 huku kumbukumbu zikionyesha 4. Kujaribu kihisi kwenye joto la chumba pekee hakuthibitishi kitu.

Kama aina ya NTC yako haimo kwenye orodha ya draiva hiyo, usichague iliyo jirani. Tumia `"generic-adc-thermal"`, ambayo hukuruhusu kuandika jedwali lako la joto na milivolti. Kwa B 3950, rizista ya kilo-omu 10 kwenda volti 3.3, na NTC kwenda graundi, fomula inatoa:

```
temperature-lookup-table = <0     2543
                            4000  2415
                            10000 2206
                            25000 1650>;
```

Katikati ya pointi draiva huchora mstari ulionyooka, kwa hivyo songamanisha pointi pale unapofanyia kazi. Draiva hii huandikisha kihisi kwenye mfumo wa maeneo ya joto, na inahitaji eneo la kukitaja, kama nitakavyoeleza mwishoni.

Kosa la pili: namba inashuka ukikishika kihisi kwa kiganja. Umegeuza mzunguko. Ikiwa NTC iko upande wa umeme na rizista upande wa chini, weka `pulldown-ohm = <10000>`, `pullup-ohm = <0>`, na uongeze `connected-positive;`.

Kosa la tatu liko kwenye ADS1115. Chaneli ya AIN0 peke yake si 0. Kwenye draiva hii 0 ni tofauti kati ya AIN0 na AIN1, na AIN0 kwa graundi ni 4, ndiyo maana mfano wa juu umeandika `<&adc 4>`. Tena, usipotaja `ti,gain`, kipimo cha juu ni volti 2.048. Kwa mzunguko wa juu, NTC ya 3950 hufikia volti hizo kwenye nyuzijoto 14 hivi. Baridi ikizidi hapo, ADC imejaa, na namba inaganda hapo hapo hata tangi likishuka hadi 4. Weka `ti,gain = <1>` kwenye chaneli upate 4.096.

Kosa la nne huua kimyakimya. Waya wa NTC ukikatika, draiva ya `ntc-thermistor` huona ukinzani usio na mwisho na kutoa ukingo wa jedwali lake: -40000. Waya ukipiga shoti, hutoa 125000. Programu inayopiga kengele joto likizidi 6 tu itaona -40 na kuridhika. Panya amekata waya, kompresa imezimwa, simu ya meneja imenyamaza. Ifundishe programu kwamba -40000 na 125000 ni hitilafu, si joto.

*Kupima ukweli.* Tumia barafu iliyopondwa ikiwa ndani ya maji yake, uikoroge, uache kihisi dakika chache: hapo ni 0 popote ulipo. Maji yanayochemka yanahitaji uangalifu kwa sababu kiwango chake hutegemea mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari na maji huchemka karibu na 94. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, ni karibu 96. Kihisi kinachosoma 94 Nakuru kiko sawa, na anayekisahihisha kifike 100 anakiharibu. Kwa kazi ya baridi, barafu inatosha.

Dalili za DS18B20

Hiki hakihitaji nodi ya kila kihisi. Unaeleza laini tu, `dtoverlay=w1-gpio,gpiopin=4`, na kerneli hutafuta vilivyomo yenyewe. Vinatokea ndani ya `/sys/bus/w1/devices/` vikianza na `28-`.

Ukiona majina ya ajabu yanayoanza na `00-`, na `dmesg` ikiandika mistari kama `00.800000000000`, hakuna kihisi kilichopatikana. Kerneli inasoma kelele. Rizista ya kilo-omu 4.7 kati ya data na volti 3.3 haipo, imelegea, au imefungwa kwenye waya usiostahili. Usiamini rangi za waya za vihisi visivyopenya maji. Nyekundu, nyeusi na njano ndiyo desturi, lakini si kila mtengenezaji anaifuata. Kihisi kinachopata moto mkononi umekigeuza.

`t=85000` si joto. Ni thamani ambayo DS18B20 huamka nayo kabla ya kupima chochote. Ikitokea, kihisi kilipoteza umeme katikati ya kupima, kazi inayochukua milisekunde 750 kwa biti 12. Sababu ya kawaida ni kutumia waya mbili, kihisi kikijilisha kutoka kwenye data, kwenye kebo ndefu. Vuta waya wa tatu. Ikitokea hasa kompresa inapowaka, angalia `dmesg` kama ina `Undervoltage detected!`. Ikiwa ipo, adapta ya bodi ndiyo dhaifu, na kihisi hakina kosa.

Mstari wa kwanza wa `w1_slave`, faili ya usomaji wa kila kihisi, ukiishia `NO`, data imeharibika njiani. Utupe usomaji huo, usome tena. Ukizidi, shusha rizista hadi kilo-omu 2.2, tenganisha kebo na nyaya za kompresa, na panga vihisi kwenye mstari mmoja badala ya matawi yanayotoka sehemu moja. Kebo isitoke nje kati ya majengo mawili. Kandokando ya Ziwa Victoria radi za jioni ni za kawaida, na kebo kama hiyo huzipeleka moja kwa moja kwenye bodi.

Dalili: mashine inajizima, au eneo la joto halitokei

Kwanza, `temp1_input not attached to any thermal zone` si kosa. Ni taarifa kwamba kihisi hakijatajwa kwenye eneo lolote la joto, na kinasomeka kupitia `hwmon` kama kawaida. Usihangaike nayo.

Maeneo ya joto ni ya kuilinda mashine yenyewe: kuwasha feni, kupunguza kasi ya prosesa, kuzima kabla ya kuungua. Hayakuundwa kulinda maziwa. Ukitaka kengele kwenye nyuzijoto 6 na ukaandika kizingiti cha `type = "critical"` chenye `6000`, siku tangi litakapofika 6 kerneli itaizima bodi yenyewe. Utabaki bila kengele, bila kumbukumbu, wakati unaohitaji vyote viwili. Kengele ya bidhaa ikae kwenye programu inayosoma `hwmon`. Ukilazimika kutumia `generic-adc-thermal`, eneo lake lisiwe na kizingiti cha `critical` hata kimoja.

Matumizi yanayofaa ni feni ya sanduku lililo juani:

```
sanduku-thermal {
    polling-delay-passive = <0>;
    polling-delay = <5000>;
    thermal-sensors = <&kihisi_sanduku>;
    trips {
        washa: feni {
            temperature = <50000>;
            hysteresis = <5000>;
            type = "active";
        };
    };
    cooling-maps {
        map0 {
            trip = <&washa>;
            cooling-device = <&feni 1 1>;
        };
    };
};
```

Bodi ikijizima sekunde chache baada ya kuwaka, na ujumbe wa mwisho ukiwa `critical temperature reached`, mtu ameandika `85` badala ya `85000`. Kwa kerneli hiyo ni nyuzijoto 0.085, na kila chumba cha Kenya kimeipita. Hutapata muda wa kuhariri ukiwa ndani. Toa kadi ya SD, ifungue kwenye kompyuta nyingine, weka `#` mbele ya mstari wa `dtoverlay`, uirudishe.

Eneo likiwa halionekani ndani ya `/sys/class/thermal/`, linganisha `#thermal-sensor-cells` ya nodi ya kihisi na idadi ya namba baada ya jina kwenye `thermal-sensors`. Ikiwa ni `<1>`, andika `<&kihisi_sanduku 0>`; ikiwa ni `<0>`, jina peke yake. Waraka wa kila kihisi ulio ndani ya `Documentation/devicetree/bindings/hwmon/` hutaja inayotakiwa. Likitokea na feni isizunguke, tazama `polling-delay`: thamani ya 0 maana yake kerneli haiulizi kabisa, inasubiri kihisi kiipigie kelele kwa waya wa intarapti, ambao pengine hukuuunga. Na feni yenyewe ikiwa haijapata draiva, jina la kinachosubiri liko hapa:

```
sudo cat /sys/kernel/debug/devices_deferred
```